Mchumba Wangu Juu ya Dungu

Baba yangu alikataa kunioza kwa simu. Si kwamba alimkataa mchumba wangu, maana hajawahi kumwona hata amkatae. Alichokataa ni kutoa idhini yake ya walii kwa mwanamume ambaye hajakaa naye juu ya dungu. "Akija likizo apande, tumwone," alisema. "Akiwa huko Uarabuni mimi nitampimia wapi?"

Dungu la baba ni jukwaa la miti alilolifunga kwenye matawi ya mgunga, pembeni mwa shamba letu huko Kondoa. Msimu wa mtama hukaa humo kulinda nafaka. Kiangazi, akiwa na kibali chake mfukoni, hukaa humo na upinde kuwangoja paa. Na katika ukoo wetu, nasema ukoo maana jirani zetu wa kabila lilelile hutucheka, hakuna mwanamume anayechukua binti kabla hajapanda dungu na baba wa binti na kupiga mshale mmoja. Waume wa shangazi zangu wote walipita hapo. Mmoja wao alirudishwa nyumbani misimu miwili, na shangazi alingoja akiwa amenuna mpaka akakonda.

Hawarudishwi kwa kukosa. Ukikosa, paa anakimbia zake mzima na wewe unachekwa, basi, unapewa mshale mwingine. Anayerudishwa ni anayejeruhi. Paa akipigwa tumboni hafi pale, anaingia vichakani na maumivu yake, na baba hakuna kitu anachokichukia duniani kama hicho. Mtu anayeachia mshale bila kujua mnyama yuko umbali gani, baba anamhesabu ni mtu mkatili hata kama ana sauti laini. Ndiyo maana nilikuwa na hofu, kwa sababu mchumba wangu alikuwa na sauti laini kuliko watu wote ninaowajua, na upinde alikuwa hajaushika tangu azaliwe.

Yeye ni mtoto wa mjini Unguja, dereva wa familia moja ya hapa Doha. Alikuwa akimleta bibi wa nyumba kwenye hoteli ninayofanya usafi, kisha anangoja huko nyuma kwenye maegesho ya wafanyakazi, ambako mimi hutoka kula. Hapana mti pale wala paa la kujisitiri, na jua la hapa halina adabu. Siku moja niligundua kwamba kila nikitoka gari lake limegeuzwa ubavu ili kivuli kianguke penye ngazi ninayokaa. Hakusema kitu, wala hakuniomba namba. Mwishowe nikamfuata mimi mwenyewe nikamwuliza kama anataka kuoa au anataka tu kuchoma petroli. Alicheka mpaka akavua kofia.

Tulipendana hivyo, kwenye ngazi na kwenye viti vya metro, kila mmoja akirudi kulala chumba cha watu wengi, mimi mtaa wa Najma, yeye kwa tajiri wake. Likizo zetu zilikataa kukutana. Yake ilipoangukia Ramadhani, yangu ikaangukia Agosti. Mwaka uliofuata tajiri wake alisafiri kwa matibabu, naye ikabidi abaki. Kulikuwa na chumba mtaa wa Al Mansoura, kidogo lakini chetu, rafiki yake alikuwa anakiachia, na kukiingia bila ndoa hakuwezekani wala sikutaka. Nikamshika mama. Mama akamshika baba. Baba akatoa neno ambalo, nina hakika, alidhani limefunga mlango. "Kama huko kuna mti, kuna upinde na kuna mnyama, nitamtazama kwenye simu."

Baba anaamini Qatar ni mchanga mtupu. Hakujua kwamba tajiri wa mchumba wangu ana izba, yaani shamba la nje ya mji, upande wa kaskazini, na kwamba katikati ya izba hiyo pana mkunazi mkubwa. Vijana wa mzee yule walijenga jukwaa juu yake, wakanunua upinde na kulungu wa sponji mwenye pembe, wakacheza navyo msimu mmoja wa baridi, kisha wakaenda kusoma ng'ambo. Mchumba wangu alipoenda kuomba ruhusa, mzee aliuliza ni ya nini. Alipoelezwa alicheka, akasema yeye mwenyewe aliposa mara tatu ndipo akapewa, kwa hiyo tuchukue upinde na Mungu atusaidie.

Basi Ijumaa za baridi ile tukawa tunaenda izba watu watatu. Wa tatu ni dada mmoja wa Tanga, mpishi wa nyumba ile, aliyekubali kufuatana nasi ili watu wasipate la kusema. Dada alitandika mkeka wake chini ya ukuta, akaweka chupa yake ya chai ya karaki, ile ya maziwa na viungo, na akawa mtazamaji asiyelipa kiingilio.

Chini, ardhini, kijana alijifunza upesi. Ana mkono mtulivu, na mtu aliyezoea foleni za Doha subira anayo. Mishale ikawa inaingia begani mwa kulungu, mmoja baada ya mwingine, mpaka dada akasema tusimchoshe mnyama. Nikajisifu moyoni. Kisha nikampandisha juu ya mkunazi, na mambo yakaharibika.

Kila mshale ulipita juu ya mgongo. Mmoja uliingia mchangani, mwingine ukapotelea kwenye majani ya mbuzi wa mzee, tukautafuta mpaka magoti yakaingia maji. "Unapiga mawingu," nilimwambia. Yeye akasema, "Mie kazi yangu ni kupima, bibie. Nimeegesha gari kwenye vichochoro vya Najma vyote, sijakwaruza hata kioo."

"Huko unatazama mbele. Huku unatazama chini."

"Si jicho ni lilelile?"

"Jicho lilelile ndilo linalokudanganya."

Nikamweleza kama nilivyoelezwa. Mimi sina kaka mkubwa, kwa hiyo utotoni mimi ndiye niliyepanda dungu na baba, mchana kutwa, tumefungiwa viazi kwenye kitambaa. Baba akipanda mara ya kwanza msimu ukianza, hapandi na upinde. Anakaa tu. Anatazama kwanza shina la mti, pale lilipoingia ardhini chini ya miguu yake, halafu jicho lake linaanza safari kama mtu anayetembea, linapita kisiki, linapita kichuguu, mpaka pale mnyama atakaposimama. Mshale, alisema, utaufanyia hesabu ya njia ya mguu, hii ya ardhini. Ile njia ya kutoka puani kwako moja kwa moja hadi kwa mnyama ni ya ndege, na ni ndefu zaidi. Tena ukiwa juu unamwona mnyama mgongo, miguu imefupika, anaonekana mdogo, na moyo unasema kidogo maana yake mbali. Hapo mkono unapanda wenyewe. Ndiyo maana wageni wa dungu wote hupiga juu.

Alinisikiliza kwa heshima, kisha akapiga juu tena. Nilikasirika, nami nikikasirika sina breki. Nilimwambia pengine nitafute mume mwenye upinde tayari. Dada akanikemea kutoka mkekani, "Wewe, mtu anafundishwa kwa maneno matamu." Yeye kule juu akasema kwa sauti yake ile, "Mwache, dada, mtaka cha mvunguni sharti ainame." Nikamjibu kwamba chake hakiko mvunguni, kiko juu ya mti, kwa hiyo avute upinde.

Lakini nilipopanda mwenyewe kukaa pembeni yake, nikaona shida ilipo. Kwetu jicho lina pa kupumzika, pana kisiki, pana kichaka. Izba ile ardhi yake imelala wazi kutoka mti hadi ukuta. Jicho likitoka shinani halina pa kukanyaga, linaruka moja kwa moja mpaka kwa mnyama. Basi nikateremka nikampangia vituo. Nikaweka kifuniko cha sufuria ya dada, kisha dumu la maji, kisha kandambili zangu, kila kimoja mbele kidogo ya kingine. Akatembeza jicho juu ya vitu vile, akavuta, na mshale ukaingia begani. Akapiga tena, na tena. Niliruka bila viatu mchangani kama mtoto. Nilikuwa nampenda mpaka naona aibu mbele ya dada.

Ijumaa iliyofuata niliviondoa vitu, nikamsogeza kulungu mahali pengine. Mshale ukapita juu ya mgongo ukaenda kwenye majani ya mbuzi. Kumbe alizijua kandambili zangu, umbali hakuujua. Safari hii sikugomba. Nilikaa mkekani nikanywa chai ya dada, na nikawaza maisha ya shangazi na misimu yake miwili.

Yeye naye nadhani aliogopa, kwa sababu kuanzia hapo alianza kujifundisha mwenyewe mjini. Akimpeleka bibi wa nyumba mahali, alipanda ngazi za jengo lolote la kuegeshea magari, akachagua kitu chini, akakisia ni hatua ngapi kutoka ukutani, kisha akateremka kuzitembea. Akanitumia sauti kwenye simu. "Bibie, mpaka penye duka la juisi nilikisia nyingi, zimekuwa chache." Kesho yake, "Bado nakisia nyingi, ila si nyingi kama jana." Siku moja Al Mansoura mlinzi wa jengo alimfuata akamwuliza amepoteza nini, maana alikuwa akitembea ameinamisha kichwa, anahesabu kwa sauti. Alimjibu kwamba anatafuta mke. Nilizisikiliza sauti zile nikikunja mashuka ya wageni, na mwenzangu wa zamu akaniuliza kwa nini nacheka na mito.

Mwishoni mwa baridi alikuwa anapiga vizuri. Si kila mara, ila mara nyingi kuliko kukosa, na popote nilipomweka kulungu. Nikamwambia mama siku ipangwe.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, baada ya Alasiri. Dada alivaa gauni lake la sherehe, jambo lililoniongezea hofu. Mchumba wangu alivaa kanzu, nikamwambia kwa kanzu hutapanda mti, akaenda kubadilisha akarudi na suruali na kofia yake ya kiua. Mimi nikasimama chini ya mkunazi na simu. Kule kwetu mama ndiye aliyemshikia baba simu, maana baba akiishika yeye tunaona sikio.

"Asalaam alaykum, mzee," alisema mchumba wangu akiwa juu.

"Waalaykum salaam. Nakuona miguu tu," baba akajibu. Akaniambia, "Mama, mweke mnyama."

Kwa desturi anayechagua mahali ni baba mkwe. Nikamwuliza nimweke wapi. Baba akatazama, nikasikia anamwambia mama asogeze simu, halafu airudishe. "Simu hii haina mbali wala karibu," alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa kitu. "Kila kitu kimelala bapa. Mweke wewe basi. Mweke mahali ambapo hajawahi kumpiga."

Nilimweka kwa haki. Wallahi nilimweka kwa haki, nyuma kidogo ya kijichaka pekee kilichokuwepo, upande ambao hatukuwahi kuutumia. Baba akauliza kutoka hapo mpaka mti ni kiasi gani. Nikamwambia ni kama kutoka mlango wa jiko letu mpaka zizini. "Aha," alisema, akatulia, kwa sababu njia hiyo anaijua hata gizani. "Haya. Mshale mmoja. Asiambiwe neno."

Sikumwambia neno. Nilimwona akitazama shina la mti chini ya miguu yake, nikajua jicho limeanza safari. Akalitembeza taratibu, akafika kichakani, akarudi, akafika tena. Upepo ulikuwa mdogo. Akavuta upinde, akakaa nao muda mrefu kuliko nilivyopenda, akaachia.

Mshale haukupita juu. Nilijua hivyo kabla ya kutazama, kwa sababu nilisikia umegota kwenye sponji. Nikatazama. Ulikuwa chini na nyuma, kwenye tumbo. Baadaye aliniambia kwamba aliogopa mno kupita juu, akapunguza, kisha akapunguza tena. Wakati ule sikujua sababu, nilichoona ni ule mshale na manyoya yake yakitikisika tumboni mwa kulungu.

"Umeingia wapi?" baba akauliza. "Huku naona majani na anga."

Nikavuta pumzi. Kabla sijaitoa, sauti ikatoka juu ya mti.

"Tumboni, mzee. Nyuma ya mbavu."

Dada aliweka kikombe chini. Nikamsikia baba akikohoa, kisha akasema, bila ukali wowote, "Basi. Arudi msimu ujao, apande hapa, tutamwona."

Jamani, sijui maneno yalitoka wapi. Nilimwambia baba kwamba mnyama yule ni sponji, hana damu, hana mtoto porini anayemngoja. Nilimwambia hakuna msimu ujao, kuna likizo za matajiri, na hizo hazimjui paa wala mtama. Nilimwambia kwamba nilipougua mwaka juzi, kwenye chumba cha watu wengi, hakuna aliyeniuliza umekula nini ila huyu, alisimama nje ya geti na uji kwenye chupa kila alfajiri kabla ya kazi, na hakuwahi hata kuingia ndani. Nikasema, "Ukikataa nitakutii, baba, kwa sababu wewe ni baba yangu. Lakini nitakutii nikilia, na nitaendelea kulia." Na nilikuwa nalia tayari, pua na macho.

"Umemaliza?" baba akauliza.

"Nimemaliza."

"Shikamoo yenyewe hujanipa leo, lakini tuache. Sasa nijibu. Kabla huyu hajasema tumboni, wewe ulivuta pumzi. Ulitaka kuniambia umeingia wapi?"

Nilimtazama dada, naye akatazama chai yake.

"Begani, baba."

Nilimsikia mama akicheka nyuma ya simu. Baba hakucheka. "Nilijua," alisema. "Tangu mtoto, ukitaka kunidanganya unavuta pumzi kwanza. Na ningekuamini, mama, kwa sababu mimi kwenye kioo hiki sioni chochote. Ningetoa idhini yangu, ningekuwa nimekupa mtu nisiyemjua, na nisingelala. Huyu naye alijua kwamba mimi sioni. Alikuwa na haja kubwa kuliko yako, na bado akasema tumbo." Nilimsikia akipumua kwa shida, jinsi anavyopumua anaposimama kaburini kwa babu, na nikaelewa kwamba baba yangu analia. "Nyumba yenu inahitaji angalau mmoja wa kusema kweli," alisema. "Haya, mpe simu mkwe wangu."

Nilitazama juu. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa dungu, upinde magotini, kofia imefunika uso. Mkono wangu haukumfikia, wala yeye kwa kilio hakuweza kuteremka. Nikavua viatu, nikabana gauni, nikapanda mkunazi ule na simu katikati ya meno, miiba yake ikinichana mikono, nikakaa pembeni yake na kuweka simu katikati yetu. Mama alikuwa anapiga vigelegele huko Kondoa, na baba anamwambia anyamaze kwanza, hasikii.

"Haloo," baba akasema. "Mkwe wangu, upo?"

Yeye akaondoa kofia usoni, akainamia simu.

"Nipo, baba," alisema. "Nipo."